Tarime na Serengeti: Maisha kati ya mpaka, mgodi na hifadhi

Na Mwandishi Wetu, Tarime

WILAYA za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huvuma zaidi kwa habari za vurugu kuliko kwa habari za maisha ya kawaida ya wakazi wake.

Msomaji wa mjini akisikia Tarime hukumbuka mapigano ya koo, wizi wa mifugo, bangi na uvamizi wa mgodi wa dhahabu. Akisikia Serengeti hukumbuka nyumbu, simba na watalii. Ni wachache wanaojiuliza watu wanaoishi katikati ya mambo hayo ni akina nani, wanaishi vipi na kwa nini migogoro yao haikomi.

Jibu linaanzia kwenye ramani. Kaskazini upo mpaka wa Kenya. Mashariki na kusini ipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti pamoja na mapori ya akiba yanayopakana nayo. Katikati, eneo la Nyamongo, upo mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara. Magharibi mwa Tarime ipo Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007.

Wenyeji wa visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki hujua tangu utotoni kwamba ardhi yao inakoma pale maji yanapoanzia. Wakazi wa Tarime na Serengeti hawakuzungukwa na bahari, lakini nao wamefika mahali ambapo kila upande una mstari usiovukwa, huku idadi yao ikizidi kuongezeka.

Takwimu zinathibitisha hali hiyo. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta wilayani Serengeti watu wapatao 176,000. Sensa ya mwaka 2012 ikakuta watu 249,420, yaani ongezeko la zaidi ya watu 70,000 katika kipindi cha miaka 10. Tarime, baada ya Rorya kujitenga, ilikuwa na watu 339,693 mwaka huo wa 2012.

Kwa Mkoa wa Mara wote, idadi ilipanda kutoka watu 1,743,830 mwaka 2012 hadi 2,372,015 mwaka 2022. Watu zaidi ya 628,000 wameongezeka, lakini ardhi ya kulima na kuchungia haikuongezeka hata ekari moja.

Milima ya kijani na mbuga za nyasi

Tarime na Serengeti ni majirani, lakini sura zao hazifanani. Sehemu kubwa ya Tarime ni nyanda za juu zinazopanda zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hali ya hewa ni ya baridi kiasi, mvua ni za kutosha na udongo una rutuba.

Huko hustawi migomba, kahawa ya arabika, mahindi, muhogo, viazi vitamu na ulezi. Mashamba hulimwa kwa plau zinazokokotwa na maksai, na mwenye jozi ya maksai huhesabiwa kuwa na uwezo, kwa kuwa hulima lake na la jirani kwa malipo.

Kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, milima hupungua na nyasi huchukua nafasi yake. Mvua nazo huwa za kubahatisha zaidi. Muhogo, mtama na ulezi ndiyo kinga dhidi ya njaa, na mifugo ndiyo akiba.

Chakula kikuu katika wilaya zote mbili ni ugali, mara nyingi wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi. Huliwa kwa mboga za majani, maziwa ya mgando, au samaki na dagaa wanaoletwa kutoka Ziwa Victoria. Nyama huliwa zaidi siku za sherehe, kwani ng'ombe hachinjwi bila sababu.

Wakazi wengi wa Tarime ni Wakurya, ambao wamegawanyika katika koo nyingi. Miongoni mwake ni Wanchari, Warenchoka, Wanyabasi, Wairege, Wakira, Watimbaru, Wasweta na Wanyamongo. Kila ukoo una eneo lake unalolitambua, na mtu akitaja kijiji chake aghalabu huwa ametaja na ukoo wake.

Serengeti ina mchanganyiko mkubwa zaidi. Wapo Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, pamoja na Wataturu ambao ni wafugaji wenye lugha isiyo ya Kibantu. Wapo pia Wakurya wengi, ambao wazee wao walihamia upande wa Mugumu kutoka Tarime wakitafuta mashamba na malisho.

Uhamaji huo ndio uliokuwa dawa ya uhaba wa ardhi kwa vizazi vilivyopita. Mlima ukijaa, vijana walishuka kwenda mbugani. Leo mbuga nayo imefika mwisho wake, kwa sababu inakoma kwenye vigingi vya hifadhi.

Mpaka uliopita katikati ya ndugu

Mstari unaotenganisha Tarime na Kenya haukuchorwa na Wakurya. Ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, ambapo mataifa hayo mawili yaligawana Afrika Mashariki kwa kalamu, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria.

Kutokana na mstari huo, koo kama Wairege, Wakira na Wanyabasi zina watu pande zote mbili. Waliobaki Kenya leo wanahesabiwa katika Kaunti ya Migori, lakini majina ni yale yale. Huku kuna Chacha, Mwita, Marwa, Bhoke, Robi na Gati. Na kule wapo vivyo hivyo.

Sirari, mji mdogo unaotazamana na Isebania ya Kenya, huonyesha jinsi mpaka huo unavyotumika kila siku. Shilingi ya Tanzania na ya Kenya hupokewa katika maduka yale yale. Mahindi, ndizi na mifugo huelekea kaskazini. Sabuni, mafuta ya kupikia na bidhaa nyingine za viwandani huja kusini, kutegemea bei ya siku hiyo iko juu upande upi.

Biashara hiyo ina upande wake wa giza. Kwa miaka mingi kahawa ya Tarime ilivushwa kwa magendo kila bei ya Kenya ilipokuwa nzuri zaidi. Bangi nayo imekuwa ikilimwa mabondeni na kuvushwa usiku. Ng'ombe walioibwa huvushwa kwa njia hiyo hiyo, na akishavuka mpaka ni vigumu mwenyewe kumpata.

Ng'ombe kama benki ya nyumba

Hakuna anayeweza kuelewa Tarime bila kuelewa nafasi ya ng'ombe katika familia. Kwa desturi ya Wakurya, kila mke katika boma ana nyumba yake, mashamba yake na mifugo iliyotengwa kwa ajili yake. Mahari ya binti wa nyumba hiyo hupokewa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao ndio wanaotarajiwa kumwoza kaka yake wa nyumba hiyo hiyo.

Maana yake ni kwamba ndoa ya msichana haimhusu yeye peke yake. Kaka anasubiri, baba anahesabu, na pengine kuna deni la mahari ya mama ambalo bado halijalipwa.

Desturi hiyo ndiyo inayoeleza pia ndoa ijulikanayo kama nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na "kumwoa" mwanamke mwenzake, kwa kawaida msichana mdogo. Watoto ambao msichana huyo atazaa na mwanamume aliyechaguliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mwanamke aliyetoa mahari, ili nyumba isifutike na mali isikose mrithi.

Wapo wanaoitetea kuwa ni kinga ya mjane asiye na mtu wa kumtunza uzeeni. Hata hivyo, watetezi wa haki za binadamu wamekuwa wakionya kwamba wanaoolewa katika ndoa hizo mara nyingi ni mabinti wa familia maskini, ambao hawakuulizwa.

Ukeketaji nao umefungamana na mnyororo huo. Kimila, msichana aliyekeketwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwanamke anayefaa kuolewa na kutolewa mahari. Ndiyo maana wazazi wengine humpeleka binti yao kwa ngariba mapema, na akishapona masomo yake huwa hatarini kukatika.

Katika koo nyingi za Tarime, msimu wa ukeketaji huwa Desemba, wakati wa likizo ya shule, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila ndio hutoa idhini ya msimu kuanza. Kwa sababu hiyo, miezi ya mwisho ya miaka hiyo huwa ya hofu kwa wasichana wasiotaka kukeketwa.

Baadhi yao hutoroka. Kituo cha Masanga wilayani Tarime, kinachoendeshwa na watawa wa Kanisa Katoliki, na nyumba salama iliyoko Mugumu, vimekuwa vikiwapokea mabinti wanaokimbia makwao. Kazi ngumu zaidi huanza msimu ukishapita, pale binti anaporudishwa kwa wazazi na kuwa lazima wakubaliane upya.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2011. Lakini kwa kuwa ndugu wapo pande zote mbili, msako ukiwa mkali huku, msichana huvushwa kule.

Pamoja na hayo, mabadiliko yapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu asilimia 40 ya wanawake wa Mara walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa kiwango kilishuka hadi asilimia 32.

Mishale kwa ajili ya mashamba

Mapigano ya koo yaliyoitikisa Tarime katika miaka ya 2000, yakiwamo yale ya Wanchari na Warenchoka, yalielezwa mara nyingi kana kwamba ni chuki ya asili. Watu waliuawa kwa mishale na mapanga, nyumba zilichomwa moto na mazao yakafyekwa shambani.

Chanzo, hata hivyo, kilikuwa kile kile: mashamba ya mpakani mwa koo na mifugo iliyoibwa. Zamani kati ya ukoo na ukoo palikuwa na pori ambalo halikuwa na mwenyewe. Pori hilo lilipolimwa pande zote mbili, majembe yalikutana, na baada ya majembe ikafuata mishale.

Serikali iliunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya, jambo ambalo si la kawaida kwa wilaya. Ulinzi umepunguza mapigano makubwa. Lakini askari hugawanya wapiganaji, hagawanyi mashamba.

Katika ngazi ya jamii, wazee bado wana sauti kubwa. Lipo baraza la siri la wazee liitwalo inchama, na upo mkutano wa hadhara wa ukoo uitwao ritongo ambao huamua kesi za wizi na kutoza faini. Mahali ambapo wananchi wanaona mahakama iko mbali au ina gharama, ritongo ndiyo mahakama yao, ingawa imewahi kulaumiwa kwa adhabu zinazovuka sheria.

Dhahabu ya Nyamongo

Kabla ya wawekezaji, wakazi wa Nyamongo walichimba dhahabu kwa sururu na nyundo. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo umepita katika mikono ya kampuni kadhaa. Barrick iliuchukua mwaka 2006, ukawa chini ya African Barrick Gold iliyokuja kuitwa Acacia, kisha mwaka 2019 ukarudi kwa Barrick. Sasa Serikali inamiliki asilimia 16 kupitia ubia wa Twiga.

Mashimo ya Nyabirama, Nyabigena na Gokona yalichukua ardhi ambayo awali ilikuwa ya wakulima na wachimbaji wadogo. Fidia ikawa chanzo cha mgogoro usiokwisha. Humo ndimo lilimozaliwa neno "tegesha", yaani kujenga nyumba au kupanda miti kwa haraka mahali panapotarajiwa kuchukuliwa, ili mtu alipwe.

Wengine waliosalia bila ardhi waligeukia mawe ya mgodi. Vijana kwa mamia walikuwa wakivuka uzio kuokota mabaki ya mawe yenye dhahabu, na makabiliano na polisi yakawa ya kawaida. Mei 16, 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi. Madai yaliyofunguliwa London na baadhi ya waathirika dhidi ya kampuni yalimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015.

Suala jingine ni maji. Mwaka 2009 wakazi walilalamika kuwa maji yenye sumu kutoka mgodini yaliingia Mto Tigithe, ambao hutiririka kuelekea Mto Mara. Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya Sh bilioni 5.6 kuhusiana na bwawa la mabaki ya uchenjuaji.

Kwa upande mwingine, mgodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo yake, na sheria inautaka kuchangia miradi ya jamii. Madarasa, zahanati na visima vimejengwa. Swali linaloulizwa vijijini ni je, vitatosha kufidia ardhi ambayo haitalimika tena?

Swali hilo liliwahi kuulizwa huko Pasifiki. Nauru, nchi ya kisiwa chenye kilometa za mraba 21 tu, ilichimbwa fosfeti tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya uhuru wa mwaka 1968 ilihesabiwa miongoni mwa nchi tajiri kwa kipato cha kila raia. Fosfeti ilipoisha, sehemu ya katikati ya kisiwa ilibaki miamba mitupu, na fedha nyingi zilikuwa zimepotea katika uwekezaji mbaya. Dhahabu nayo huisha.

Tembo shambani, ng'ombe hifadhini

Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kati yake na Maasai Mara ya Kenya, wakivuka Mto Mara upande wa Lamai na Kogatende mbele ya mamba na kamera.

Kwa mkulima wa kijiji cha pembezoni, mnyama anayekumbukwa si nyumbu bali ni tembo. Kundi moja likiingia shambani usiku linaweza kumaliza mahindi ya mwaka mzima kabla ya alfajiri. Wanaume hukesha wakipiga madebe, wakimulika tochi na kuchoma pilipili.

Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia iliyofiwa. Majina yenyewe yanakiri kwamba hiyo si fidia. Kinachofutwa ni jasho, si hasara.

Mifugo nayo huvuka kuingia hifadhini kutafuta nyasi wakati wa kiangazi, hukamatwa na mwenyewe hutozwa faini au hunyang'anywa. Katika kata za Tarime zinazopakana na hifadhi, kama Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha, zoezi la kuweka vigingi vya mpaka lilizua upya mvutano kati ya wananchi na wahifadhi.

Ipo mifano ya kutia moyo. Vijiji kama Robanda, vilivyoungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, hugawana mapato ya utalii katika ardhi yao wenyewe. Huko mnyama ana thamani akiwa hai, kwa sababu thamani hiyo inaonekana kijijini.

Mto mmoja, wenyewe wengi

Kiungo cha maisha yote hayo ni Mto Mara. Unaanzia Msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, kisha unapita karibu na Nyamongo na kuingia katika maeneo oevu kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Urefu wake unakadiriwa kuwa kilometa 395.

Misitu ikikatwa Mau, nyumbu hukosa maji Serengeti. Mgodi ukivujisha, mvuvi wa bondeni hudhurika. Machi 2022 samaki walipokufa kwa wingi na maji kubadilika rangi, kamati iliyoundwa na Serikali ilisema chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea. Jibu hilo lilipingwa na wengi, jambo lililoonyesha jinsi imani ilivyopungua baada ya miaka ya malalamiko.

Tangu mwaka 2012, Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara kila Septemba 15. Maadhimisho ni mazuri, lakini mto huhitaji vipimo vya maji vinavyotangazwa hadharani siku zote, si siku moja ya hotuba.

Ni dhahiri kwamba polisi, faini na semina pekee haviwezi kumaliza matatizo ya wilaya hizi. Vijiji vinahitaji mipango ya matumizi ya ardhi iliyokubaliwa na koo zinazopakana. Mapato ya dhahabu na utalii yanapaswa kusomwa katika mkutano wa kijiji, shilingi kwa shilingi. Na kijana wa kiume apate njia ya kuanza maisha isiyotegemea ng'ombe wa mahari ya dada yake, ili dada huyo abaki darasani.

Kizazi kilichotangulia kilikuwa na mahali pa kuhamia. Watoto wanaoandikishwa darasa la kwanza leo katika shule za Nyamwaga, Sirari na Mugumu hawana.